Siku Mbili Bila Tangazo la Kifo

Msomaji wetu wa matangazo ya vifo ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Ngara tangu enzi za babu zake, na kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akiingia studio saa saba mchana bila karatasi. Watu wa Ngara na Biharamulo wakifiwa hutuma ujumbe wa simu kwenye redio yetu ndogo, naye huusoma: nani amefariki, msiba uko wapi, mazishi ni saa ngapi, na ndugu gani walio mbali wapate habari. Simu zina chaji leo, kesho hazina, na mtandao nao una visa vyake. Redio ndiyo tunayoitegemea kwenye misiba.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa redio hiyo. Niliandika skripti, programu fupi ya kuchukua kila ujumbe unaoingia, kuupanga kwa aina, yaani vifo, vikao, mifugo iliyopotea, kisha kuutuma kwenye printa. Wiki tatu niliiwasha mwenyewe kila asubuhi, nikakaa mbele ya kioo nikiitazama kama mwalimu wa zamu, na haikukosea hata mara moja. Nikachoka kudamka ili kuwasha kitu kinachoweza kujiwasha. Basi nikaigeuza kuwa huduma: iamke yenyewe kompyuta inapowaka, ifanye kazi nyuma ya pazia bila mtu. Nikaiongezea agizo moja nililoliona la busara sana. Ikikutana na ujumbe isioweza kuusoma, isikwame, iuweke kando na kuendelea na unaofuata. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Siku ya kwanza printa ilitoa mbuzi aliyepotea, kikao cha wazazi na chanjo ya ng'ombe. Kifo hakuna. Siku ya pili vilevile. Mama akasoma ya mbuzi, kisha akasema hewani: "Ndugu wasikilizaji, leo ni siku ya pili wilaya zetu mbili hazina msiba. Tumshukuru Mungu." Ukapigwa wimbo wa kwaya.

Nilikuwa chumba cha pili, na sitaficha, mwili ulinisisimka. Wilaya mbili nzima, vijiji vyote vile, na siku mbili hajafa mtu! Niliamini kabisa. Ni watu wa redio tu wanaoweza kuamini upuuzi wa namna hiyo, kwa sababu kwetu kifo ni kile kilichotoka kwenye printa.

Mama alipotoka studio alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Mwanangu, nimeshukuru, ila moyo haujatulia. Asubuhi nimepita Mbuba nikaona turubai limefungwa na watu wamekaa chini. Turubai la nini, kama hakuna msiba?"

Nikafungua folda ya ujumbe uliowekwa kando. Ulikuwamo kumi na mmoja, na wote ulikuwa wa vifo. Mbuzi hata mmoja hakuwamo. Nikapitia mmoja mmoja nikitafuta unafanana kwa lipi, nikaliona mwishoni: kila ujumbe ulifungwa kwa kile kipicha cha viganja viwili vilivyokutanishwa, kama vya mtu anayesali. Mwenye mbuzi hana haja nacho. Mwenye msiba kwetu siku hizi hawezi kutuma ujumbe bila kukiweka, ni kama kuingia kwa wafiwa bila kuvua kofia.

Nikaiwasha skripti kwa mkono, kama zamani. Ikasoma wote, viganja na vyote, na printa ikaanza kutema karatasi. Nikaizima, nikaiacha ijiwashe kama huduma, nikaipa ujumbe mmoja kati ya uleule. Ikauweka kando. Kompyuta ileile, skripti ileile. Niliduwaa.

Mama alikuwa akipokea karatasi moja moja kutoka kwenye printa. "Huyu alizikwa jana. Huyu jana. Huyu leo asubuhi." Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Kwenye karatasi ya mwisho sauti yake ikapanda: "Huyu bado!"

Uliandikwa na mwanamke aliyeolewa Nyarubungo. "Naomba msimzike mama kabla sijafika. Kaka alinipigia jana jioni, leo simu yake haipatikani. Niko Nyakanazi, nimepata lori linaloelekea Rusumo. Mazishi ni leo saa tisa, Mbuba. Nataka nimwone tu." Ulikuwa umeingia saa tatu asubuhi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

Mama alikimbia. Sikujua kama anaweza kukimbia. Akakata kwaya katikati ya ubeti, akausoma ujumbe ule mara tatu, na kila mara akamalizia: "Ndugu zetu wa Mbuba, msizike kwanza." Kisha akatoka, akaegemea mlango wangu.

"Kama wamesikia, watajibu kwa ujumbe. Hiyo mashine yako itausoma?"

Ningeweza kukaa pale nikaiendesha kwa mkono siku ile. Lakini kesho je? Nikafungua daftari ambamo huduma huandika matatizo yake, ambalo kwa kiburi changu sikuwa nimelifungua hata mara moja. Ilikuwa imeandika bila kuchoka, kwa kila ujumbe, kwamba inajua alama mia moja na ishirini na nane tu, na hii si mojawapo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na mpaka leo nikikumbuka napigwa na butwaa. Nilipokuwa naiwasha mwenyewe, skripti ilikuwa inaazima mazingira yangu. Miaka iliyopita niliieleza kompyuta kwamba mimi nasoma na kuandika herufi za dunia nzima, nikasahau. Kila kilichoanzia mkononi mwangu kikarithi. Ilipoanza kuamka peke yake haikuwa na wa kumrithi. Iliamka tupu, na kompyuta yetu kuukuu ikaipa zile alama chache za kale, herufi za Kiingereza na tarakimu. Wiki tatu nilidhani naijaribu skripti, kumbe nilikuwa najijaribu mwenyewe.

Na vile viganja, kwa mashine, ni namba nne tu ndogo zinazofuatana. Majonzi ya mtu mzima yalikuwa yamefungwa humo, yakaruka kutoka Nyakanazi mlingoti kwa mlingoti hadi kwangu, na hayakupungukiwa hata na namba moja. Yalikuwa yamefika salama tangu saa tatu. Aliyeshindwa kuyapokea ni mimi.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Kwenye faili la huduma nikaandika LANG=C.UTF-8, yaani nikaiachia na yenyewe herufi za dunia nzima, iamke nazo hata nisipokuwapo. Nikaianzisha upya. Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka magotini ili nisije nikashawishika kuisaidia.

Tukasubiri, mama amesimama, mimi nimekaa. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro robo. Nilimwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, na mama akaitikia amina.

Printa ikaamka yenyewe. Mama akaivuta karatasi kabla haijatoka yote, akaisoma kimya, akaweka mkono kifuani. Kisha akarudi studio, nami nikamfuata hadi kwenye kioo. Akawasha kipaza sauti.

"Dereva wa lori la Rusumo, kama unanisikia, ongeza sauti. Dada uliyekaa hapo pembeni yake, katekista wa Mbuba anakuambia hivi: tumesikia. Jeneza tumelirudisha ndani. Njoo taratibu, mama yako anakusubiri."