Asubuhi Tulia Aliponaswa na Tope

Mpiga picha huyu watu walimwita Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila mteja, awe mtoto anayelia au bwana harusi anayetokwa jasho. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Ukutani palining'inia pazia lenye mlima na ziwa, lililopauka hadi mlima ukafanana na chungu kilichopinduliwa. Wateja walianza kucheka. Basi akaamua kutengeneza pazia jipya kwa picha yake mwenyewe: mlima wa kweli, ukijitazama majini kabla upepo haujaamka.

Mama mkwe wake, mzazi wa mkewe, aliishi karibu na ziwa lenye mlima wa namna hiyo. Tulia akaenda kulala kwake, na alfajiri wakatoka pamoja, mama akiwa amejifunika shuka mabegani.

"Pigia hapa kwenye mawe," mama alimwambia. "Ukishavuka matete, huko chini si pa kuaminika."

"Sawa, mama."

Kukapambazuka. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sahani. Mlima ulisimama juu, mwingine ukaning'inia chini yake, hata ufa wa mwamba ulionekana mara mbili. Lakini pale kwenye mawe, matete yalikikata kile kilele cha majini. Tulia akasogea kidogo, akasogea tena, hadi akayapita matete, maji yakiwa magotini. Akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akapiga. Akapiga tena. Alipotaka kugeuka, mguu haukuja.

Akavuta wa kulia, wa kushoto ukazama. Akavuta wa kushoto, yote miwili ikadidimia. Maji yakapanda kiunoni, baridi ikambana mbavu.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo, kama anayeona haya kuomba chumvi. Kisha kwa nguvu: "Mama! Nimenasa!"

Mama akavua viatu, akaingia majini.

"Usije! Tutazama wote!"

"Nyamaza! Nikirudi peke yangu, mwanangu nitamwambia nini?"

Naye akateleza, akaanguka kifudifudi, akainuka akitema maji huku ameng'ang'ania matete. Kuogelea hakujua. Mama akapiga yowe. Mlima ukamrudishia yowe lake, na hakuna aliyekuja.

"Laza hayo mamiguu ya kamera," alisema, meno yakigongana. "Yalalie!"

"Kamera itakufa, mama."

"Afadhali ife yenyewe!"

Tulia akayalaza. Kamera ikazama ikitoa mapovu. Akalala kifua juu ya vile vyuma, na kule kudidimia kukakoma kidogo. Mama akarudi hadi kwenye mawe, akafunga fundo kwenye ncha ya shuka, akairusha. Haikufika. Akairusha tena, Tulia akaidaka kwa vidole viwili. Mama akaketi, akakaza nyayo kwenye jiwe, akavuta huku akilia. Kiatu kimoja kikabaki topeni, kisha cha pili, halafu suruali nayo ikaanza kuteremka.

"Mama, suruali!"

"Iache huko! Nimefumba macho!"

Alitoka akitambaa, akalala juu ya mawe akihema. Mama akamtupia shuka bila kumtazama, akaanza kumgombeza, lakini katikati ya neno akakatiza, akakaa chini. Tulia akamshika mkono. Wakakaa hivyo mpaka jua lilipowapata.

Baadaye aliirudia kamera kwa kamba na ngazi, majirani wakiwa wameishika ile kamba. Haikufanya kazi tena, ila kadi ya picha ilipona, na pazia jipya likatoka zuri mno. Wateja walipanga foleni kupiga picha mbele yake.

Mama alipokuja kuwatembelea, mkewe Tulia alimsihi asimame pale naye apigwe picha.

"Hayo maji tunajuana," mama alijibu. "Sisimami mbele yake wala nyuma yake."

Akatoka nje, akaegemea ukuta mtupu kando ya mlango, akaweka mtandio wake sawa. Tulia akamfuata na kamera ya kuazima, akampiga hapo hapo, akicheka.