Lorene Apanda Juu ya Trela

Lorene Stutzman alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, mwanamke mwenye mikono mizito na sauti ya kunyamazisha watoto mia tatu bila kipaza sauti. Mumewe, Verlin, alimaliza ujana na utu uzima wake katika kiwanda cha matrela huko Elkhart, jimbo la Indiana, ambako karibu katika kila ua pameegeshwa nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari. Watu wakisikia hivyo walidhani Verlin ni fundi. Wapi! Kiwandani yeye alikuwa mtu wa mapazia.

Magoti ya Verlin yalipokataa safari ndefu, wakakubaliana kuliuza trela lao. Lilikuwa zima kwa trela la umri wake, isipokuwa doa moja darini, juu ya meza ya kulia, la rangi ya chai ya maziwa.

"Paa linavuja hilo," Lorene akasema.

"Doa tu hilo, mama. Mnunuzi hununua kwa macho. Niachie mimi."

Akaachiwa. Wiki nzima Verlin alikuwa humo ndani akipiga mluzi. Akabandika kuta zote karatasi yenye maua ya alizeti, akatundika taa zinazobadilika rangi, akashona mapazia mapya yenye vifundo vya dhahabu. Doa akalifunika kwa kipande kingine cha alizeti. Lorene alipochungulia, alicheka hadi akakaa chini.

"Umenijengea saluni, mzee!"

"Cheka tu. Utaona watakavyogombana mlangoni."

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mjane mmoja mwembamba, Bi Ottilie Brandt, aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alisifu mapazia. Verlin akavimba kama andazi. Kisha yule mama akapanda kwenye kiti, akabonyeza alizeti la darini kwa kidole gumba, na kidole kikazama chote.

Chembe za mbao zilizooza zikamdondokea Verlin kwenye kofia.

"Mwanangu," Bi Ottilie akasema, ingawa walilingana umri, "ungeniambia linavuja, tungezungumza. Sasa najiuliza umebandika maua wapi pengine." Akashuka, akajifuta kidole kwa leso, akaenda zake.

Verlin hakula pai jioni hiyo, na alikuwa mtu wa kula pai hata akiwa na homa. Lorene alikuwa na maneno mengi ya kusema, ya haki kabisa. Akamtazama mumewe alivyojikunyata, akayameza.

"Kesho nishikie ngazi," akasema tu.

Akapanda mwenyewe. Akakwangua gundi kuukuu ya paa iliyopasuka kama kisigino kikavu, akang'oa plaiwudi iliyooza, akaweka mpya, akaziba kila kiungo kwa gundi mpya. Akabadilisha raba za madirisha. Matairi yalionekana mazuri kwa nje, lakini yalishazeeka, wakanunua mengine. Breki na magurudumu wakavipeleka kwa fundi, vikatiwa grisi. Chini ya ngazi Verlin alilalamika bila kupumzika.

"Shuka, Lorene! Ukianguka nitawaambia nini watoto?"

"Waambie mama yenu aliruka. Nipe gundi!"

Safari hii tangazo liliandikwa na Lorene: lilivuja, tumelitengeneza, njoo uangalie mwenyewe. Akaja kijana mnene anayeitwa Dwight Pelfrey, na mkewe mjamzito. Dwight hakutazama hata pazia moja. Alitambaa uvunguni, akapiga matairi, akapanda paani, akamwaga maji ndoo nzima, kisha akakaa ndani na kusubiri. Halikudondoka tone.

"Tunalichukua," akasema, wala hakuomba kupunguziwa sana. "Ila, samahani, nani alibandika haya maua?"

"Mimi," Verlin akajibu, akinyoosha kifua.

"Nitayabandua leo leo. Usinichukie."

"Mapazia je?" Verlin akauliza kwa sauti ndogo.

Mke wa Dwight akalishika moja, akalipitisha kati ya vidole. "Mapazia yanabaki," akasema. "Ushonaji wake huu si wa dukani. Unaweza kunishonea la kitanda cha mtoto?"

Verlin alitoa futi ya kupimia mfukoni kabla mama huyo hajamaliza kuuliza.

Dwight akalifunga trela nyuma ya gari lake, akajaribu kulitoa uani kinyumenyume, akagonga pipa la takataka, akajaribu tena, akaligonga lile lile. Lorene akamwashiria ashuke, akashika usukani, akalipindisha mpaka barabarani bila kugusa kitu. Liliposimama, akabaki amekaa kidogo, mikono bado kwenye usukani. Kisha akashuka, akawapungia.

Uani palibaki mstatili wa nyasi za manjano. Verlin akasimama katikati yake, akageuka huku na huku.

"Patafaa kwa nyanya," akasema.

"Panda," Lorene akamwambia. "Lakini zikioza, usizibandike maua."