Medali ya Koti la Marehemu

Kuna siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na mpaka leo inanichoma. Kiongozi wetu mmoja mkubwa wa siasa alikuwa amezikwa kama miaka miwili hivi, na mimi, kijana wa mtaa wa Gatwekera, nilikuwa nimeshikwa na wazimu wa kukusanya medali za maombolezo yake. Zile ndogo zenye sura yake na utepe mweusi, watu walizovaa kifuani wakienda kumuaga. Nilikuwa nazo kumi na mbili kwa mkebe. Nikajiona mzalendo kweli.

Jirani yangu Mama Atieno, mjane, alikuwa na aina adimu, ya shaba, iliyotafutwa na wakusanyaji wote. Ilikaa kwa koti la marehemu mzee wake, pale ukutani. Siku hiyo nilikuwa nimemtembelea, akatoka nje kuangalia jiko, nami nikaitoa, nikaweka yangu moja inayong'aa. Sura ni ile ile, nikajiambia, na macho ya mama yameanza kufifia, atajua nini? Jioni nikaipeleka mtaa wa Kawangware, pale stendi ya 46, kwa Mutua, mkusanyaji mwenzangu, naye akanipa tatu nisizokuwa nazo.

Kesho yake mama akaniita. Alikuwa ameishika ile niliyoweka.

"Hii si yangu. Pini ya yangu ilivunjika, mzee akafunga waya kwa mkono wake."

Nikamwambia kiongozi ni yule yule, mama.

"Wewe unamlilia mkubwa. Picha zake ziko kila mahali. Ya mzee wangu sina hata moja. Ile waya alifunga asubuhi tukienda kumuaga kiongozi, na mwezi huo huo mzee naye akamfuata. Nikiishika, namshika yeye."

Wacha tu. Niliona aibu. Nikaenda 46 na mkebe wangu. Mutua, mtu mgumu huyo, akataka medali zangu zote ndio anirudishie hiyo moja. Nikampa. Mama alipoipokea aliipapasa ile waya, akalia. Asante hakusema, na sikuistahili.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla hujatamani kumbukumbu ya mtu, muulize kwanza analilia nani. Nchi nzima ikimlilia mtu mmoja, kila nyumba ina wake inayemlilia hapo ndani. Na ukikosea, rudisha haraka, hata ukibaki mikono mitupu.

Mungu akupe moyo wa kuuliza. Na siku yako ikifika, usikose mtu wa kushika kitu chako akakulilia wewe.