Pumzi ya Mama Kwenye Kaseti Namba 41

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Mwezi wa nane mwaka huu, juu ya kaburi lake, mbele ya ukoo mzima, alivuta pumzi aimbe.

Halafu akatangaza sabuni ya unga.

Sitanii. Kaa hapo nikusimulie, maana mpaka leo nikikumbuka nasikia kinyaa.

Naitwa Tulia, nauza vitenge hapa Msasani, Tukuyu. Baba yangu, mzee Andongwisye, analima chai Masukulu. Ujana wake wote alizunguka na redio kaseti begani akirekodi watu wanaoimba. Kwaya, ngoma, harusi, misiba. Hakulipwa na mtu, alipenda tu.

Kila kaseti aliipa namba, na kabla watu hawajaimba lazima aseme yuko wapi na hali ya hewa ikoje. Akimaliza, anavunja vile vipande viwili vya plastiki pale juu. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui: vikivunjwa, redio inagoma kurekodi tena.

Namba 41 ndiyo yenye sauti ya mama, Esnath. Mpuguso, Pasaka ya 1994. Sauti yake nyingine haipo duniani.

Basi tukakubaliana kumjengea mama kaburi. Nikasema siku hiyo lazima tumsikie akiimba. Baba akatikisa kichwa.

"Gwe Tulia, ile kaseti iache."

"Kwa nini, baba?"

"Iache tu, mwanangu."

Nikajua ni uzee. Nikaingia stoo mwenyewe.

Jamani, ile stoo! Mvua za huku si mnazijua? Ukungu wa kijani, mavi ya panya, mayai ya mende mpaka ndani ya maboksi. Nilijifunga kanga puani na bado nikatapika mlangoni.

Nikaipata, nikampelekea Godwin, mtoto wa shangazi, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu, aihamishie kwenye flashi. Nikamkuta anakula kitimoto. Akalamba kidole, akashika kaseti. Akalamba kingine, akaigeuza. Mafuta ya nguruwe kwenye sauti ya mama yangu!

"Nawa basi, Godi!"

"Sista, kausha. Unaongea na fundi."

Halafu akajamba. Haki ya Mungu, alijamba na hakuomba hata radhi.

Asubuhi ya shughuli alinipigia mara tatu. Sikupokea. Hata simu yake niliionea kinyaa.

Kaburini vigae vinang'aa, watu wamejaa mpaka migombani. Godwin akaja mbio.

"Sista, hiyo namba 41 ina..."

Nikamnyang'anya flashi, nikaichomeka kwenye spika mwenyewe.

Ikatoka sauti ya baba, ya ujana, na lafudhi yake ya huku kwetu: "Leo tuko Mpuguso. Ni Pasaka. Mfua inanyesha."

Mvua ikasikika kwenye bati. Mtu akakohoa. Kisha mama akavuta pumzi, na mimi mwili wote ukasisimka.

Kwaa! Tangazo la sabuni. Likafuatiwa na bongo fleva.

Shangazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mimi hasira zikanipanda.

"Mshenzi wewe! Umemfuta mama yangu kwa mikono yako ya kitimoto!"

"Tulia, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Unanuka! Mpaka roho yako inanuka!"

Nikamtemea mate. Yakatua shavuni.

Godwin alijifuta kwa mkono wa shati, akatoa kaseti yenyewe mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Angalia hapo juu."

Nikaangalia. Pale palipovunjwa pamezibwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa ndogo na kusukumwa ndani kwa ncha ya bikari. Ukifanya hivyo redio inadanganyika, inarekodi tena. Ni ujanja wetu wa enzi za sekondari.

Nikakichokonoa kile kikaratasi kwa ukucha.

Bongo fleva ikaisha. Ikatoka sauti ya msichana, mashauzi matupu:

"Haloo haloo! Hapa ni DJ Tulia, nawasalimu wote wa kidato cha pili B!"

Ni mimi. Mwaka 2003. Nilitaka nyimbo za redioni na sikuwa na kaseti tupu, nikabeba ya kwanza niliyoikuta, hata namba sikusoma. Kisha nikasahau kabisa.

Kile kinyaa chote nilichomrundikia Godwin kikanirudia. Nilitamani kuivua ngozi yangu niitupe mtaroni.

Baba akanisogelea na fimbo yake.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Nilikaa nimsikilise mama yako, ukatoka wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshamlilia sana. Nikulise tena machozi?"

Akaigeuza kaseti nisome lebo. *41. Esnath, Mpuguso, 1994. Mfua.* Na chini yake, kwa wino mwingine: *Na Tulia, jikoni, 2003. Jua.*

Nililia mpaka nikakaa chini.

Nimemwomba Godwin msamaha, nimempigia magoti. Kanisamehe, ila bado hanawi mikono. Kesho yake alinitumia faili dogo kwenye simu. Alikuwa ameikata ile pumzi ya mama peke yake, akaisafisha. Sekunde mbili. Ndiyo mama yangu aliyebaki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujamtemea mtu mate, pokea kwanza simu yake.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi la kwangu nimelisikia kwenye spika, ukoo mzima ukisikiliza.