Mbaazi za Mbagala

Nilipopanga chumba Mbagala nilikuwa nimetoka chuo kikuu na JKT si zamani, na kichwa kimejaa Ujamaa. Ofisi yangu ilikuwa Kurasini. Wenzangu walitafuta vyumba Kinondoni, karibu na watu wa aina yao. Mie niliona haya kuandika ripoti juu ya wakulima na wafanyakazi huku sijui wanakula nini. Kwa hiyo siku ya kwanza, mama mwenye nyumba aliponiuliza kama kuna chakula nisichokula, nilimjibu kama mtu aliye jukwaani: "Mama, mie nitakula mnachokula."

Mumewe, fundi wa vinyago, alikuwa barazani na gogo la mpingo katikati ya miguu. Aliinua macho, akanitazama tumboni, akaendelea kuchonga.

Sikujua nimeahidi nini. Kwetu bara nimekulia kwenye ng'ombe. Chakula ni maziwa na nyama, majani ni ya ndama. Chuoni nako nyama haikukosekana mezani. JKT nilikula maharage, ni kweli, lakini kule tulikimbia na kulima tangu alfajiri, na watu wengi mkila maharage pamoja hakuna ajuaye ni tumbo la nani limesema. Wenyeji wangu wa Mbagala walitoka kusini. Mama alipika ugali wa dona, mbaazi, kunde, choroko, mlenda, na kisamvu alichokitwanga mpaka kikalainika, akakiunga kwa nazi. Nyama ilikuwa ya Idi, au ya siku fundi akiwahi foleni buchani, na katika miezi yangu ya kwanza aliwahi mara moja tu.

Tena vyote vilikuwa vitamu, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikula kama mtu aliyetumwa.

Siku ya tatu tumbo lilijaa upepo likakaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Ofisini lilianza kunguruma mbele ya bosi wangu, nami nikawa nakohoa ili kulifunika. Na choo nacho kilibadilika. Chuoni nilikuwa mtu wa kukaa siku mbili au tatu bila kwenda, nikidhani ndiyo maumbile yangu. Sasa nilikwenda mara tatu kwa siku, na choo chetu kilikuwa uani, cha makuti, kila mtu akiona nani anapita na kopo la maji. Nikaanza kuvizia nyakati. Nikaanza pia kuandika katika daftari: siku, nilichokula, tumbo limeuma au halikuuma, nimekwenda mara ngapi. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa na hakika nina amiba, au minyoo, au kidonda ndani, au vyote pamoja.

Kumwambia mama sikuthubutu. Nilikuwa nimetoa ahadi yangu kwa sauti kubwa mno. Fundi nami tulikula sinia moja, akinisogezea mbaazi kama ilivyo desturi kwa mgeni, nami nikizirudisha upande wake kidogo kidogo. 

Nikaenda zahanati kwa siri. Wakaniambia nilete choo asubuhi, ndani ya kiberiti. Kesho yake nilitoka mapema, kiberiti nimekishika mkononi kwa sababu sikuweza kukitia mfukoni. Njiani nikampita jirani yetu muuza vitumbua, amechutama mbele ya jiko ambalo halijawaka.

"Afadhali umekuja, kaka. Niazime hicho kiberiti."

Kumnyima jirani moto ni jambo zito. Nilisimama nikitafuta uongo, nikaukosa. "Hiki si cha moto," nikasema. "Ni cha hospitali."

Alikitazama kiberiti, akanitazama mie, akafunika mdomo kwa kanga.

Kabla ya adhuhuri habari ilishafika bombani: mpangaji wa nyumba ile amepelekwa kupimwa, chakula cha mule ndani kimemshinda. Wengine waliongeza kwamba nimelishwa kitu. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mama aliishi kwa kupangisha vyumba na kulisha wapangaji, na kila shughuli mtaani ni yeye aliyeitwa kusimamia masufuria. Jina lake lilikuwa katika mapishi yake, nami nilikuwa nimelitia doa.

Mama alirudi kutoka bombani, akatua ndoo, akaniita. Nilijiandaa kufukuzwa.

"Wamesemaje?" akauliza.

Nikamweleza kwamba hawakuona mnyoo wala amiba. Mganga wa zahanati alisema tumbo halina ugonjwa, limebadilishiwa kazi ghafla tu.

Akavuta mkeka, akaketi, akanihoji kuliko alivyonihoji mganga. Ninakula saa ngapi? Ninakunywa maji kiasi gani? Natembea, au nakaa kitini kutwa? Mwisho, kwa aibu, nikamkabidhi daftari. Mama alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliotangulia tu, katika kisomo cha watu wazima. Aliweka kidole chini ya kila neno na kulitamka polepole, na fundi aliacha tindo yake ili asikilize. Kurasa zote alizimaliza. Kisha akarudi nyuma, akagusa mstari mmoja, na mwingine, na mwingine.

"Siku za choroko hukuumwa," akasema. "Siku za kisamvu umekwenda vizuri. Ulipoumwa ni hapa, na hapa. Mbaazi tele, maji hakuna, halafu unakimbilia basi." Akalifunga daftari. "Umeandika vizuri, mwanangu. Kusoma ndiko hukusoma."

Fundi alicheka mpaka akajifuta macho. "Tumbo la chuo kikuu," akasema, "limerudishwa darasa la kwanza."

Tangu siku hiyo mama alinipimia. Wiki ya kwanza mbaazi vijiko vitatu, si zaidi, hata nilipoomba. Aliziloweka mapema, akamwaga maji yale, akazichemsha na kumwaga tena ndipo azipike. Maji ya kunywa aliniwekea mtungi mlangoni na kukagua kama yamepungua. Jioni nilishuka basi vituo viwili kabla ya chetu na kutembea. Kila wiki aliongeza kijiko. Kufikia mwezi upepo ulikuwa umetulia; nilikwenda mara moja kila asubuhi bila kuvizia mtu, na usingizi wa mchana uliokuwa ukiniangusha juu ya mafaili ukaniacha. Nimesoma chini ya maprofesa. Sijaona aliyefundisha kwa utulivu kama ule.

Lakini muuza vitumbua alikuwa akimwoza binti yake, siku zilikuwa zimekaribia, na hakuja kumwita mama. Mama hakulitaja. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku.

Nililiwaza jambo hilo kwa siku tatu, nikitunga hotuba. Asubuhi ya nne nikachukua bakuli la mbaazi za nazi nililofungiwa kwa ajili ya ofisini, nikaenda jikoni kwa jirani, wateja wamejaa. Nikamwamkia. Hotuba ikanitoka kichwani.

"Chakula cha mama hakina kosa," nikasema. "Tumbo langu ndilo lilikuwa halijui kula."

"Na sasa linajua?" akauliza mteja mmoja, na wote wakacheka.

Nikanunua vitumbua vinne, nikafungua bakuli, nikala pale pale nimesimama, jasho likinitoka kwa aibu. Jirani alinitazama mpaka cha tatu. Kisha akamega kitumbua chake mwenyewe, akachovya katika bakuli langu bila kuomba, akatafuna kwa muda mrefu.  Aliendelea kugeuza vitumbua.

Alasiri alikuja kwetu na kapu la mbaazi za harusi kichwani. Hakuomba radhi. Alilitua mbele ya mama na kuuliza aziloweke muda gani.

"Usiku kucha," mama akasema. "Na maji ya kwanza usiyaonee huruma. Mwaga."

Wakaketi mkekani, ungo katikati, wakaanza kuchambua. Fundi aliniita nimshikie gogo, nami nikalishika nikitega sikio nijue wananisema vipi. Nilisikiliza mpaka kapu likaisha. Walizungumzia bei ya nazi, na kama masufuria mawili yatatosha.