Ming'oko ya Shamba la Bibi

Nimerudi kijijini kwetu Rutamba kutoka mjini, na tumbo la kushonwa. Utumbo uliota vidonda mpaka wakakata kipande, na vidonge nilivyomeza, acha tu, hata mate yaligeuka machungu. Siku ya kutoka hospitali daktari aliniambia, "Mama, tumboni kuna vijidudu vizuri vinavyosaidia kusaga chakula. Dawa zimeua vibaya na vizuri pamoja. Rudi kwenye chakula cha shambani, kunde, mbaazi, mizizi, majani. Vitarudi taratibu." Nikasema haya, hicho chakula nakijua, nimekulia humo.

Kama umekulia kwetu, ming'oko unaikumbuka. Ile mizizi ya porini, myembamba, ya kuchemsha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitutoa asubuhi kwenda kuichimba shambani kwake, kwenye mikorosho. Hupigi jembe ovyo. Unafuata kamba ya mmea wake iliyokauka mpaka pale inapozama, kisha unaingiza mikono. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unanukia uyoga, minyoo inakupitia vidoleni. Ukishatoa mzizi, bibi hakubali uache shimo wazi. Unarudisha kichwa cha mmea, unatupia majani makavu, unafukia. "Udongo nao unakula," alikuwa akisema, na ole wako umkimbie kabla hujafukia. Tukifika nyumbani inachemshwa na chumvi kidogo, tunaimenya kwa meno, tunashushia na mchuzi wa kunde, mikono tumejifutia kwenye kanga tu. Tumbo siku hizo lilikuwa halisemi kitu. Sikujua hata kama ninalo.

Sasa niwataje walioliua shamba hilo. Wa kwanza ni mjomba. Kwetu shamba la bibi huangukia mikononi mwa mjomba, naye alipoona korosho ina bei, alichoka kupalilia. Wa pili ni mwenye duka la pembejeo pale barabarani, aliyemwambia dawa ya magugu haina neno, ni kama maji, wakati mchicha wake mwenyewe uani anaung'olea magugu kwa mkono. Wa tatu ni bwana shamba, aliyepita na pikipiki, akaziita mboga zetu za kuokota uchafu, wala hakushuka.

Mjomba nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo yake, akaitikia. Nikamwomba kona moja tu, ile ya kichuguu, asiipulizie.

"Unataka kufuga majani?" akasema. "Umeleta maradhi yako ya mjini uje kuniharibia mikorosho."

"Nataka kula tu, mjomba."

"Si ule sembe kama watu! Ming'oko ni chakula cha njaa."

"Njaa gani? Mimi hapa nilikuwa nashiba. Njaa nimekutana nayo kwenye hiyo sembe yako."

Mkewe, aliyekuwa jikoni, alicheka mpaka moshi ukampalia. Mjomba akanuna, akatazama pembeni. "Haya, chukua. Lakini nikiona jani limevuka, napuliza."

Asubuhi yake nikaenda na jembe. Sikuona kamba hata moja. Nikachimba hivyo hivyo, kidogo kidogo, kidonda kikinivuta. Udongo umekuwa mgumu kama sakafu, umepauka, hauna harufu. Nikavunja bonge kwa vidole nikitafuta mnyoo, hata mmoja. Hakuna. Nikakaa chini. Tumbo langu walau limepewa daktari. Hili shamba walioliua wapo, wanakunywa chai, na hakuna anayeliuliza linaumwa wapi.

Mjukuu wa mjomba, kibinti kidogo, akaja kusimama karibu yangu. "Shikamoo bibi. Unatafuta nini?"

"Chakula."

"Humo ardhini?" Akacheka sana, akadhani namtania. Kisha akanionea huruma, akakimbia nyumbani, akarudi na biskuti ya dukani mkononi.

Nilikuwa na njaa. Nikaila.