Neno Lililofutwa

Mtaa mzima ulimwita Vidole, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mpiga chapa, kazi akiifanyia nyumbani, kwenye meza ya dirishani pale sebuleni: barua za kuomba kazi, kadi za mwaliko, tasnifu za wanafunzi wanaojua kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka nukta. Alichapa bila kutazama kibodi, huku akikujibu, huku akimfokea paka. Ulimi wake haukuwa na breki. Akikosana na wewe mmekosana, usingoje atume mtu wa kuwapatanisha.

Mumewe ndiye aliyesifiwa. Mpole yule, watu walisema, sijui anamvumiliaje mke wake. Kweli hakuinua sauti wala hakugonga meza. Ukimuuliza jambo anatabasamu, anasema "tutaona", na hamuoni kitu. Upole wa namna hiyo ni wa kuogopwa, lakini nani angemsikiliza Vidole?

Vidole alikuwa ameichoka nyumba hiyo. Wifi yake, dada wa mume, alikuja kukaa wiki mbili, akaota mizizi kwenye kochi. Basi Vidole akaanza kuwaza kimyakimya kukodi chumba karibu na kwa dada yake, ahamishe kompyuta kwanza, kisha nguo, kisha yeye mwenyewe. Mambo hayo alimwandikia dada yake tu, tena kwa barua pepe, maana ndani ya nyumba ile hakukuwa na kona ya kupigia simu.

Siku moja wifi akasema, macho kwenye televisheni, "Vile vyumba vya kule kwa dadako vina unyevu. Utapata kifua."

Wifi alijuaje habari ya chumba? Vidole alichunguza kompyuta kwanza, huenda kuna kirusi kinachotoa siri nje. Mume alikuja na chai yake, akasimama nyuma ya kiti. "Bonyeza skani ya haraka," alisema. "Inatosha hiyo. Ile kamili inachosha mashine bure." Vidole akabonyeza ya haraka. Ikaja alama ya kijani: hakuna kitisho.

Basi amebaki nani? Vidole alikwenda kwa dada yake moto moto, hata viatu hakuvua. Dada aliapa. Aliapa kwa kaburi la mama yao, machozi yanamtoka, na Vidole akamwambia, "Sauti yako ya uongo naijua tangu tukiwa watoto. Usinijue, nisikujue." Dada huyohuyo ndiye aliyemlea Vidole baada ya mama yao kufariki. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na jeraha hilo Vidole alitembea nalo akijifanya halimuumi.

Mpaka mchana ule wa vyombo. Sinki ilikuwa imejaa, wifi amejinyoosha kwenye kochi, na Vidole akauliza kama kuna mtu nyumba hii mwenye mikono zaidi yake.

"Niache bwana," wifi alisema. "Si ulishasema mimi kupe? Kupe haoshi vyombo."

Sahani ikabaki mkononi mwa Vidole, maji yanamchuruzika.

Kupe. Neno hilo alikuwa amelichapa, ndiyo, katika barua ya mwisho kwa dada yake: *wifi ni kupe*. Kisha akaona haya, akalifuta herufi moja moja, akaandika badala yake *wifi bado yupo*. Barua iliondoka hivyo. Dada yake hakuliona neno kupe kamwe. Hakulisema mdomoni, hakuliandika kwenye karatasi. Duniani kote lilijulikana na vidole vyake na kile kibodi, basi.

Aliacha bomba linatiririka, akaenda kuketi mezani, akabonyeza skani kamili.

Mume alitoka chumbani kana kwamba ameitwa. "Kuna nini?"

"Natafuta kupe."

"Mke wangu, nilikwambia hiyo itaharibu mashine. Ina kazi za watu."

"Kazi zangu. Wewe kazi yako humu ni ipi?"

Mume alitabasamu. Mkono wake ukaja polepole kuelekea kwenye swichi ya ukutani, na Vidole akainua rula ya chuma ya kukatia kadi. "Gusa uone," alisema. Mkono ukarudi mfukoni. Kwenye kochi wifi alipunguza sauti ya televisheni.

Mistari ya skani ilitambaa folda kwa folda, na wote watatu wakaitazama. Vidole aliomba isikute kitu. Ndiyo, aliomba hivyo. Kwa sababu ikikuta, basi alimtukana dada yake bure, juu ya kaburi la mama yao. Na papo hapo aliomba ikute, amuumbue huyu mpole mbele yake.

Ilikuta. Ikapiga mlio mdogo, ikaandika kwa nyekundu: programu ya upelelezi, ndani ya folda iitwayo Picha za Harusi.

Picha za Harusi! Mahali pazuri pa kuficha kitu katika ndoa ile, maana hakuna aliyewahi kurudi kuzitazama. Alifungua. Kila herufi aliyoigusa ilikuwa humo, na kila alipofuta, pamewekwa alama kwamba hapa amefuta. Kupe alikuwa pale, amekaa vizuri.

"Nilitaka kujua tu," mume alisema kwa sauti ileile laini. "Wewe huongei na mimi."

"Kwa hiyo unanisoma? Halafu unamsomea na dadako?"

"Kompyuta ni ya nyumba."

"Asiye na cha kuficha angekasirika nini?" wifi alidakia.

"Wewe funga mdomo. Kesho sikukuti humu." Kisha akamgeukia mume. "Na mimi hunikuti. Nilikuwa napanga kwa kujificha kama mwizi, sasa naondoka mlangoni, mchana, na mashine yangu."

Kisha akachukua simu. Alimpigia dada yake palepale, mbele yao, na simu ilipopokelewa maneno yakamtoka kwa fujo: kuna programu, skani imeikuta, ni huyu mwanamume, si wewe, dadangu, si wewe, nimeona kwa macho yangu.

Upande wa pili ilisikika sufuria ikifunikwa.

"Mimi nilikuapia kwa kaburi la mama," dada alisema. "Ukaniita mwongo. Leo mashine imesema neno moja tu, umeamini."

"Dada, nisikilize..."

"Basi ongea na mashine."

Simu ikakatwa. Vidole alipiga tena, ikaita mpaka ikakoma yenyewe.